Pendekezo Nililoliacha Lipite

Dada yangu Zaituni,

Najua huko kisiwani mtandao haushiki mpaka upande yale mawe ya nyuma ya mwalo, pale mitumbwi inapofikia, na najua hupandi kila siku. Nimekupigia mara nyingi mpaka yule dada wa kwenye simu anayesema namba haipatikani nimeanza kumzoea. Ndiyo maana naandika hapa pa wazi, ambapo hata wenzetu wa programu wanaosoma Kiswahili wataona. Nilikudanganya tukiwa wawili kwenye simu. Kukuomba radhi kwa siri tena ningeona kama nataka tuyafunike.

Unaikumbuka meza ya mama pale Nshambya, hapa Bukoba? Upande mmoja cherehani, upande mwingine kompyuta yako iliyokuwa inapata moto mpaka tunaiwekea mfuniko wa sufuria chini. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, kazi yangu kuzurura mjini hadi ufukweni na kurudi kula. Ukaniita, ukasema, "Kaa hapa nikuonyeshe watu wanavyogombana bila kutukanana." Nilidhani utani. Ukanifungulia jukwaa la lugha yetu, ile lugha ya programu uliyoanza kuitumia chuoni, ambayo haina mwenyewe, inatengenezwa na watu wa nchi nyingi wasiojuana sura. Mtu akitaka kubadilisha kitu ndani yake, hata kidogo, haamki tu akabadilisha. Anaandika pendekezo, linapewa namba. Lazima aseme anataka nini, kwa nini, na njia gani nyingine alizifikiria akaziacha. Halafu kuna kile kifungu ulichokipenda kuliko vyote, nani ataumia. Baada ya hapo ni wiki tatu za maneno. Ndani ya wiki hizo wale wenye kura, kumi na wawili, wanaweka alama: jumlisha moja ukikubali, sifuri kama huna upande, toa moja ukikataa. Toa moja haiji mikono mitupu, inakuja na sababu. Lakini ikija na sababu, hata ikiwa moja peke yake, pendekezo linasimama mpaka hoja hiyo ijibiwe.

Pendekezo lako la kwanza lilikuwa la mstari mmoja. Programu ikikwama, lugha ilikuwa inatoa maneno ambayo hata aliyeitengeneza haelewi. Wewe ukataka iseme tu tatizo liko mstari wa ngapi na nini kimekosekana. Walikuzungusha miezi minne. Kuna mmoja alikuandikia kurasa tatu, ukazisoma zote, ukamjibu kwa adabu, halafu ukafunga kompyuta ukamsema kwa Kihaya mpaka mama akakuambia upunguze sauti, jirani anasikia. Siku lilipopita mama alikuwa anakaanga senene. Ukaingia jikoni, "Mama, nimeshinda kura." Mama akauliza, "Za udiwani?" Tulicheka mpaka senene nusu wakaungua, na bado tukawala.

Naandika haya kwa raha kwa sababu naogopa kufika kwenye yanayofuata.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma pendekezo. Ulisema nianzie kwenye kifungu cha nani ataumia, maana watu wanakijaza mwishoni wakiwa wamechoka. Nilijifunza vizuri, nikaanza na mimi kurekebisha vitu vidogo vidogo, hadi yule Mzungu tuliyempachika jina la Profesa, kwa urefu wa maandishi yake, akanipendekeza niwe mmoja wa wenye kura. Yeye huyohuyo akaniunganisha na kampuni yao, na kazi inayonilisha hadi leo nikiwa nimekaa hapahapa Bukoba ilitoka mikononi mwake. Ulifurahi kuliko mimi. Ukasema sasa nyumba ya Tata, baba yetu, ina kura mbili.

Wakati huo wewe ulikuwa umeshahamia kazi za visiwani. Nilikushangaa, msomi mzima unaacha ofisi unaenda kushinda na wavuvi wa dagaa. Ukanieleza mara moja tu, na sijasahau. Ukasema wale watu wengi ni wageni, huyu katoka Ukerewe, yule Mara, mwingine Kigoma. Mtumbwi usiporudi asubuhi, hakuna mama wala mke kisiwani wa kuuliza fulani yuko wapi. Jirani anadhani kahamia mwalo mwingine. Inaweza kupita siku tatu ndipo mtu ashtuke. Ukakusanya kompyuta kuukuu za msaada, zile ambazo hata mafundi wa mjini walizikataa, ukazifungia sola, ukaandika programu kwa lugha yetu. Mtumbwi ukitoka, mtu anabonyeza namba yake. Ukirudi, anabonyeza tena. Ikifika saa nne asubuhi mashine inapiga kelele na kuonyesha ambao hawajarudi. Basi, hakuna kingine. Mialo mitatu ikawa nayo. Na kwa kuwa mashine kuukuu namna ile hakuna tena anayezijali duniani, ukajitolea kuwa msimamizi wake katika lugha: kila toleo jipya linapotoka, wewe unahakikisha linakubali kwenye mashine hizo.

Sasa nikufikishe kwenye zile wiki tatu. Ulinipigia ukiwa Muleba mjini, unanunua betri. Ukasema, "Idrisa, naingia kisiwani, mnara wa huko umeharibika, sitapatikana. Kikija chochote kuhusu mashine zangu, andika toa moja, sema msimamizi yuko safarini, wasubiri. Umenisikia?" Nikasema nimekusikia. Ukaniambia nirudie. Nikarudia kama mtoto wa darasa la pili, ukacheka, ukakata simu.

Pendekezo lilikuja siku ya nne. La Profesa. Kuondoa mashine za zamani kwenye lugha, kwa sababu zinachelewesha kila toleo na msimamizi wake hajibu barua. Niliruka moja kwa moja kwenye kifungu ulichonifundisha. Nani ataumia? Ameandika, "Hakuna anayejulikana."

Dada, mimi ninawajua. Nimekula dagaa wao. Mzee Masatu wa mwalo wa pili aliwahi kunipa kandambili zake zangu zilipokatika.

Niliandika jibu. Niliandika tena lingine refu zaidi, nikalisoma, nikaona linasikika kama la mtu asiye na shukrani. Nikafuta. Nikajiambia nitaandika kesho nikiwa na akili iliyotulia. Kesho yake Profesa akanitumia ujumbe wa kazi, wa kawaida kabisa, ananisifia kitu nilichomaliza, na mwisho akaongeza kwamba anategemea tutaondoa huo mzigo wa mashine kuukuu. Nikauchuna. Wiki ya kwanza nikauchuna, ya pili nikauchuna, kila siku nafungua ukurasa natazama, nafunga.

Na nikajipa sababu, sikiliza sababu yenyewe. Nikakumbuka kikao cha ukoo kule kijijini Nshamba. Ulikuwa umepata nafasi ya chuo, baba mdogo Sadiki akaleta hoja kwamba msichana asipelekwe mbali, akae asimamie kahawa. Wanaume wote waliokuwepo wakaitikia. Mwisho, kama ilivyo kwetu, Tata akapitisha kile kikapu kidogo cha kamwani, kila mtu achukue punje za kahawa atafune, mambo yamekwisha. Kikamfikia mama. Mama hakusema kitu. Hakukigusa. Akakitazama tu kikapita mbele yake kikaenda kwa mwingine. Tata akakirudisha chini akasema, "Hili halijaisha," na kikao kikalala hadi wiki iliyofuata, na wiki iliyofuata likafa lenyewe. Ukaenda chuo. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyokataa siku zote. Hatubishani na mkubwa. Tunaacha kikapu kipite, na mkubwa anajua.

Basi mimi nikahesabu. Kura zilizowekwa ni nne, zote za kukubali. Wanane tumekaa kimya. Nikasema moyoni, watu wanane wameacha kikapu, Profesa ataona, ataahirisha, atauliza jamani mbona kimya. Nilisubiri aulize. Nakuapia, nilisubiri kweli.

Siku ya ishirini na moja aliandika mstari mmoja: "Hakuna pingamizi. Pendekezo limepita." Ndiyo sheria yao, nilikuwa nimeisoma miaka iliyopita kwa macho yangu haya: anayenyamaza amekubali. Wale saba wengine labda hata hawakulifungua. Mimi nililifungua kila siku. Mchana huohuo wakafuta jina lako kwenye faili la wasimamizi. Nikaona lilivyofutwa, mstari mwekundu, na jina lako ndani yake.

Ulipotoka kisiwani ulinipigia kabla hata ya kumpigia mama. Hukunigombeza. Uliuliza tu, "Idrisa, ulikuwa wapi?"

Nikakujibu, "Umeme, dada. Wiki mbili nzima hapa Bukoba hakuna umeme, mtandao ndiyo usiseme."

Ukasema, "Pole mdogo wangu." Ukanipa pole. Halafu nikaja kugundua uliingia jukwaani ukawaandikia wote kwamba wakumbuke wapo wenye kura wanaoishi mahali umeme haueleweki, na kwamba si haki kuhesabu ukimya wao kuwa ndiyo. Ulinitetea, dada, kwa jambo ambalo halikutokea. Umeme ulikuwepo. Ulikatika Jumapili moja, saa mbili tu. Na ukitaka ushahidi upo palepale jukwaani, kwa sababu katikati ya zile wiki tatu, kwenye pendekezo la mtu mwingine kabisa, niliandika kusahihisha tarehe iliyokosewa. Siku na saa vipo. Sijui kama uliwahi kuliona. Kila simu yako isipopatikana najiuliza kama ni mnara au ni hilo.

Baada ya hapo uliaga. Uliandika kwamba umesoma uamuzi, unawashukuru kwa miaka yote, unarudi kwenye kazi. Toleo jipya likatoka, mashine zako zikabaki na la zamani. Kwa miezi kadhaa hakuna kilichotokea, na mimi nikaanza kulala vizuri, nikajiambia kumbe haikuwa kitu.

Kisha ikaja ile kasoro. Betri ikiisha kabisa saa ya mashine inarudi nyuma, na orodha inaonyesha kila mtumbwi umesharudi. Katika toleo jipya imerekebishwa. Kwenye mashine zako haiwezi kuingia. Nilisikia kwa mama kwamba unazunguka mialo yote mitatu unaziba kwa viraka, juu ya kiraka unaweka kiraka, na kwamba mbili zimekubali na moja inasumbua. Sikukupigia. Ningekupigia kukuambia nini?

Habari ya watu watatu niliipata sokoni, kwa mama muuza dagaa, ambaye hata hajui kama wewe ni dada yangu. Alikuwa anapima kopo, anazungumza na mwenzake. "Mashine ya yule dada ilisema wote wamerudi, kumbe watu wako majini wameshika ubao. Siku nzima na usiku wake." Nikauliza kama walipatikana. Akasema walipatikana, wazima, ila mmoja hawezi hata kunyoosha vidole. Akaniuliza nataka kopo ngapi. Niliondoka bila kununua, akabaki ananiita.

Ilisemwa ni mashine ya yule dada. Halikutajwa jina langu wala la Profesa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba huko kisiwani wanakulaumu wewe, na wewe kwa ninavyokujua umeinamisha kichwa umekubali.

Nilikwenda Nshamba kwa Tata. Amekonda, lakini mdomo ni uleule. Alikuwa anachambua kahawa kwenye ungo, nikamweleza yote tangu mwanzo, hata ya umeme. Nilipofika kwenye kikapu nilitegemea atanionea huruma. Hakunyanyua uso.

"Mama yako alipoacha kikapu, mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

"Mbele yake, Tata."

"Nilikuwa naangalia mikono ya kila mtu. Huyo Mzungu wako aliuona mkono wako?"

Nikasema hapana.

"Basi hukuacha kikapu. Ulinyamaza kwa sababu ulikuwa unamwogopa. Halafu ukamwambia dada yako uongo. Hayo ni mawili, usinichanganyie."

Nikataka kujieleza. Akaniambia kama nina muda wa kujieleza nimsaidie ungo. Tukachambua hadi adhuhuri, tukaswali, nikarudi Bukoba.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimeandika pendekezo la kuzirudisha mashine za zamani kwenye lugha. Sheria inataka msimamizi atakayejifunga miaka miwili, nimeweka jina langu. Kwenye kifungu cha nani ataumia tukiacha zilivyo nimeandika: wavuvi wa mialo mitatu, visiwa vya Muleba, Ziwa Viktoria, na chini nikaeleza habari ya watu watatu bila kupamba. Tumefika wiki ya tatu. Wawili wamekubali. Profesa ameweka toa moja, na sababu yake ni fupi kuliko kitu chochote alichowahi kuandika. Ameuliza mbele ya wote, "Ulikuwa na kura mwaka jana na hukusema lolote. Kwa nini tukuamini kwamba jambo hili ni zito?"

Ni swali la haki. Nililikalia siku mbili. Ilikuwepo njia rahisi, ya umeme, na wewe mwenyewe ulishanitengenezea bila kujua, maandishi yako ya kunitetea bado yapo. Ningeyaonyesha tu na wangeniamini wote.

Leo asubuhi nimejibu. Nimeandika kwamba nilikuwepo. Nililisoma siku lilipowekwa na kila siku iliyofuata. Dada yangu alikuwa amenituma niseme neno moja na sikulisema, kwa sababu aliyependekeza ndiye aliyenipa kura na ndiye aliyenipa kazi, na nilimwogopa. Umeme ulikuwepo, na maandishi ya dada yangu ya kunitetea yalitokana na uongo niliomwambia mimi, kwa hiyo msimhesabie yeye. Nimebonyeza kutuma. Hakuna aliyejibu mpaka sasa. Ya kazini nitayajua Jumatatu.

Sijui kama litapita. Pingamizi la Profesa lina sababu, na linasimama mpaka wengi wa wenye kura, yaani saba, waseme kwamba limejibiwa. Bado tunahitaji kura tano. Na nilipokuwa natazama orodha ya wenye kura nimeliona jina lako. Halijatolewa. Mtu anatolewa baada ya mwaka mzima bila kuandika chochote, na mwaka wako haujatimia. Ulipoaga ulikuwa unadhani umeshatoka, kumbe bado umo.

Sikuombi unikubalie. Ukilisoma ukaona nimeliandika vibaya, au ukaona mtu wa aina yangu hafai kuwekewa maisha ya watu mikononi, panda kwenye mawe uweke toa moja na sababu yake, mbele ya wote, na unitaje kwa jina langu kamili. Nitaijibu au nitakubali. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa Kihaya, hapa hakuna jirani. Kura inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Chochote utakachoamua juu yangu, kiseme, dada. Mimi nilikunyamazia wiki tatu. Wewe usininyamazie.

Mdogo wako niliyekuwepo,
Idrisa